Waimbaji Waliokimbilia Mashambani

Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji hawapo nyumbani mwa Mungu. Sura ya 13, mstari wa 10, inaeleza sababu kwa maneno machache: hawakupewa sehemu zao, basi kila mmoja akakimbilia shambani kwake. Nehemia hakuwafuata waimbaji huko mashambani kuwakaripia. Aligombana na wakuu. Ninamwomba msomaji aushike mstari huo, kwa maana katika sharika zetu tumeugeuza kichwa chini miguu juu. Mwimbaji akiondoka, tunamgombeza yeye, na wakuu tunakaa kitini tukitikisa vichwa.

Ninaandika kutoka Ugalla, Mkoa wa Katavi. Huku muziki haujawahi kuwa wa namna moja. Kuna wenyeji, Wagalla, Wakonongo na Wabende. Kuna Wasukuma walioingia na ng'ombe wao, na pamoja na ng'ombe wakaja na vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana wakati wa mavuno. Kuna ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Wengi wao leo ni raia wenzetu, na wapo wazee kati yao wanaokumbuka inanga, ile ala ya nyuzi iliyochongwa kama sinia refu la mti. Watu hawa wote hukutana Jumapili katika ibada yetu. Na wote, wakifika mlangoni pa kanisa, huacha nje walichonacho, kama mtu anavyoacha baiskeli ukutani.

Kijana mmoja wa huku hakuacha nje. Alijifunza kinanda mwenyewe, kwa masikio, akawa mzuri kuliko wote niliowasikia upande huu wa Tabora. Jumapili alipiga ibadani. Jumamosi alipiga harusini mjini Mpanda akapata chochote cha kumnunulia mama yake sukari. Siku za katikati alikaa na mzee mmoja mpiga zeze, akijaribu kuzihamishia sauti za zeze kwenye kinanda. Usharika aliokuwamo siutaji. Baraza la wazee lilimwita likamwambia achague, ya Mungu au ya dunia. Alichagua. Sasa analima tumbaku. Kinanda cha usharika ule siku hizi kinajipigia chenyewe: mtu anabonyeza kitufe, mdundo unatoka, ule ule kuanzia Majilio hadi Jumapili ya Utatu, na hata Ijumaa Kuu haupumziki.

Neno hilo "chagua" ndilo ninalolipinga hapa. Linasikika kama neno la imani, na wanaolisema hudhani wanamnukuu Yoshua. Lakini Yoshua aliwaambia watu wachague kati ya Bwana na miungu mingine. Hakuwaambia wachague kati ya zeze na kinanda.

Nitaleta shahidi kutoka nchi jirani. Justinian Tamusuza alizaliwa mwaka 1951 Kibisi, Uganda. Muziki wake wa kwanza ulikuwa wa Kiganda: kuimba, kupiga ngoma, kupiga endingidi, ambayo ni zeze la uzi mmoja, na endongo, kinubi cha bakuli. Baadaye akafundishwa na Padre Anthony Okelo, naye mtunzi wa muziki wa kanisa. Kisha akavuka bahari hadi Belfast, Ireland ya Kaskazini, akasoma utunzi Chuo Kikuu cha Queen's chini ya Kevin Volans, mtunzi aliyezaliwa Afrika Kusini. Kisha Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, akapata udaktari wa utunzi. Na amefundisha Makerere. Mtu wa namna hiyo ukimleta mbele ya lile baraza la wazee, wataanzia wapi? Endingidi ni ya mababu. Belfast ni ya Wazungu. Padre ni wa Kanisa jingine. Wangemwambia achague mara tatu kabla ya chai.

Mwaka 1988 Tamusuza alitunga kazi ya kwateti ya nyuzi. Kwa ambao hawajawahi kuisikia, kwateti hiyo ni watu wanne tu: violini mbili, viola moja kubwa kidogo kuliko violini, na selo inayoshikwa kati ya magoti. Hakuna mwongozaji anayesimama mbele na fimbo. Kila mmoja ana sehemu yake, na hakuna mwingine wa kumfunika akikosea. Muziki wa namna hii ulianza kama muziki wa sebuleni, wa watu wachache wanaosikilizana. Wazungu wameupenda kwa zaidi ya miaka mia mbili na wanauona kama kipimo cha mtunzi: mwenye kitu cha kusema atakisema kwa nyuzi kumi na sita, na asiye na kitu atajulikana.

Tamusuza aliiita kazi hiyo kwa Kiganda: Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Katika Njia ya Msalaba. Mswahili yeyote anayesikiliza kwa makini hahitaji mkalimani. Omusaalaba ni msalaba. Aliiweka Njia ya Msalaba katika ala za Wazungu na akazifanya ziseme Kiganda. Violini zinakwaruza kama endingidi. Wapigaji wanagonga miti ya ala zao kwa mikono, na ghafla una ngoma ndani ya kwateti. Sauti zinarudi na kurudi, zikibadilika kidogo kidogo, kama hatua za watu wanaopanda mlima wakiwa wamebeba kitu kizito. Hayo ya mlima ni yangu, sidai kuwa ni yake.

Nilisikia kazi hii kwa mara ya kwanza chuo cha theolojia, kwenye santuri ya mwenzangu kutoka Uganda. Ilikuwa ile iitwayo Pieces of Africa, iliyotolewa Marekani mwaka 1992 na Kronos Quartet, kikundi cha San Francisco. Ndani yake wamo watunzi wa Zimbabwe, Moroko, Gambia, Sudan, Ghana, Afrika Kusini, na huyu wa Uganda akiwa na sehemu ya kwanza ya Njia yake ya Msalaba. Watu wengi sana waliinunua. Hapo ndipo ninapowauliza wakuu wa makanisa ya Afrika Mashariki, na ninajihesabu miongoni mwao kwa kuwa mimi pia ninavaa kanzu: wakati wageni wasiojua Kiganda wanajifunza kuupiga msalaba wa Mganda kwa nyuzi, sisi tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunanunua vinanda vyenye vitufe.

Ninajua nitajibiwa. Nitaanza na jibu jepesi, kwamba Njia ya Msalaba ni desturi ya Wakatoliki. Ni kweli. Lakini msalaba si mali ya Wakatoliki, na mtu aliyelelewa katika Theolojia ya Msalaba ya Luther angepaswa kuwa wa mwisho kulalamika.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Wanasema muziki huo hupigwa ukumbini, mbele ya watu walionunua tiketi, ambao hawasali. Una faida gani kwa Ufalme? Nami nauliza: Daudi alipopiga kinubi mbele ya Sauli, ilikuwa ibada? Ilikuwa chumba cha mfalme mgonjwa, na mpigaji alikuwa ameajiriwa. Biblia inasema Sauli aliburudika na kupona. Haisemi kwamba Daudi alihubiri kwanza. Sidai kwamba kwateti ni mahubiri, wala Tamusuza hakuhitaji kuiita hivyo. Kazi njema iliyofanywa kwa bidii ni huduma hata kama haina sadaka katikati. Fundi seremala wa usharika wetu anatengeneza vitanda, na hakuna mzee aliyewahi kumwambia achague kati ya kitanda na madhabahu.

Jibu la tatu ndilo la Ugalla hasa. Ngoma na zeze, wanasema, ni vya mizimu. Hapa sitacheka, kwa sababu ziko ngoma zinazopigwa kwa ajili ya kupandisha mashetani, na mchungaji yeyote wa huku ameitwa usiku nyumba ambamo ngoma hizo zimepigwa. Lakini tuangalie vizuri kilichokosea. Mti haujakosea. Ngozi haijakosea. Ogani, ile ala tunayoiona takatifu kuliko zote kwa kuwa imejaa katika makanisa ya Ulaya, ilipigwa katika viwanja vya Warumi watu walipokuwa wakipigana hadi kufa mbele ya umati. Kanisa liliichukua kutoka huko, tena baada ya karne nyingi. Kama ogani ya kiwanja cha damu iliweza kubatizwa, zeze la mzee anayeimba habari za njaa na mvua lina dhambi gani kubwa zaidi?

Sisi Walutheri hatuna udhuru. Mwaka 1524 Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo huko Wittenberg, na Luther akakiandikia utangulizi. Humo alisema angependa kuona sanaa zote, hasa muziki, zikimtumikia yeye aliyezitoa na kuziumba. Wapinzani wangu wanaojua historia watanikumbusha kwamba katika utangulizi huo huo Luther anataka vijana wapate kitu cha kuwaondoa kwenye nyimbo za mapenzi. Sawa kabisa. Lakini angalieni dawa aliyowapa! Kitabu kile kilikuwa na nyimbo za sauti tatu, nne, hata tano zinazoshikana, kazi ngumu ya kujifunza miezi. Alishindana na muziki wa mitaani kwa kuleta muziki wenye ufundi mkubwa zaidi. Sisi tunashindana nao kwa kitufe.

Aliyechagua njia nyingine ni Zwingli wa Zürich. Alikuwa mpigaji hodari wa ala nyingi, pengine kuliko Luther, na bado aliona muziki hauna nafasi katika ibada. Mwaka 1527 ogani ya kanisa kuu la mji wake ilibomolewa. Walioamua hivyo walikuwa na hoja zao na sitawadharau. Ila mzee wa kanisa wa Kilutheri anayemfukuza mpiga zeze ajue ni mwanafunzi wa nani.

Na Bach? Tunalitaja jina lake kama la mtakatifu wetu. Mwaka 1705, akiwa kijana mpiga ogani wa Arnstadt, alipewa likizo ya wiki nne akatembea kilomita karibu 400 kwenda Lübeck kumsikiliza Buxtehude. Ni kama mtu atoke Mpanda kwa miguu hadi Tabora na kuendelea mbele. Alikaa miezi kama minne. Aliporudi, mwaka 1706, wakuu wa kanisa walimweka kitako: kwanza kwa kuchelewa, na pili kwa kuingiza sauti ngeni katika nyimbo za ibada hata waumini wakachanganyikiwa. Mnaona? Baraza la wazee ni lile lile. Baadaye, akiwa Leipzig ambako alianza kazi mwaka 1723, Bach aliongoza muziki wa makanisa Jumapili na siku nyingine akaongoza kikundi cha wapigaji katika duka la kahawa. Mwaka 1733 alitunga muziki wa siku ya kuzaliwa kwa mke wa mtawala wa Saxony, muziki unaoanza kwa mapigo ya ngoma. Mwaka uliofuata aliuchukua muziki ule ule, ngoma zile zile, akaupa maneno mengine, nao ukawa mwanzo wa Oratorio ya Krismasi. Ya dunia au ya Mungu? Achague!

Nirudi Uganda kidogo, kwa sababu huko kuna jambo ambalo limenifundisha kuliko vitabu vya liturujia. Waganda wana marimba kubwa iitwayo amadinda, yenye mbao kumi na mbili. Hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana. Wa kwanza anapiga sehemu yake kwa mapigo sawa, bila haraka. Wa pili anaingiza yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, kila pigo lake likiangukia pale mwenzake alipoacha nafasi. Kila mmoja peke yake anapiga kitu cha kawaida ambacho hata mtoto angekishika. Wakiunganishwa, unatokea mwendo wa kasi ambao mkono wa mtu mmoja usingeuweza, na ndani yake unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Wa tatu ana mbao mbili tu za juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza yanayotokea kwenye sauti mbili za chini na kuyarudia kule juu. Bila masikio hana kazi.

Nimehubiri 1 Wakorintho 12 mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na sijapata mfano wa viungo na mwili ulio bora kuliko huo. Joseph Kyagambiddwa aliueleza muziki huo katika kitabu chake cha mwaka 1955, kisha akautumia katika Oratorio ya Mashahidi wa Uganda mwaka 1964, mwaka ule Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu. Kupokezana huko ndiko Tamusuza alikokupeleka kwenye violini na selo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba alichanganya ovyo, kama mpishi anayetupa kila kitu chunguni. Alijua vitu viwili kwa undani ndipo akavikutanisha. Huwezi kuiambia selo iwe endingidi kama hujawahi kuishika endingidi, na huwezi kuiambia hivyo kama hujakaa miaka darasani ukijifunza selo inaweza nini. Wanaochanganya ovyo wapo, tena wengi, na wengi wao wako makanisani mwetu: mdundo wa disko, maneno ya Zaburi, na sauti ya spika hadi watoto wanalia. Hao hakuna anayewaita mbele ya baraza.

Wala tusijidanganye kwamba Waluteri wa Tanzania hawawezi. Tuliwahi kuweza. Miaka ya 1960, katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, mwalimu Mmarekani aitwaye Howard Olson aliwahimiza wanafunzi walete sauti za makwao. Mmoja wa wanafunzi hao, Bernard Kyamanywa wa Bukoba, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya kwao. Ulitoka katika mkusanyo wa Tumshangilieni Mungu, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani, wanauimba huko kwa Kiingereza huku theluji ikiyeyuka. Kitu cha Kihaya kilichopita darasa la theolojia kikawa mali ya Kanisa lote. Ni nani aliyemwambia Kyamanywa achague? Namshukuru Mungu kwamba hakuwapo siku hiyo. Lakini ni miaka karibu sitini sasa, na swali langu ni hili: baada ya kizazi kile, tumewapa nani kalamu na muda?

Muda, kwa maana muziki hula muda kama mtoto anavyokula uji. Katika 1 Nyakati 9:33 waimbaji waliachiliwa kazi nyingine zote, kwa sababu walikuwa kazini mchana na usiku. Sura ya 25 inawahesabu waliofundishwa kumwimbia Bwana: 288. Walifundishwa, hawakuokotwa Jumamosi jioni. Sisi tunataka mwalimu wa kwaya alime, afundishe shule, achunge ng'ombe, afanye mazoezi na kwaya tatu bure, asipige harusini, na siku ya mkutano wa jimbo kwaya yake ishike nafasi ya kwanza. Akienda kupiga hotelini mjini tunasema amerudi nyuma. Tamusuza aliishi kwa kazi ya chuo kikuu, na hivyo akapata miaka ya kuandika. Kipawa bila posho kinalima tumbaku.

Usharika wetu una mkutano mkuu mwezi Novemba. Katika makisio ya mapato na matumizi kuna mstari wa spika mbili mpya, ingawa zilizopo zinasikika hadi stesheni. Nimependekeza mstari huo ufutwe na mahali pake pawekwe posho ya mwalimu wa muziki kwa mwaka mmoja, wa kufundisha watoto kusoma noti, pamoja na nauli ya wazee wapiga zeze, inanga na ngoma watakaokuja kufundisha siku ya Jumamosi, kila mmoja na lugha yake. Wazee wawili wa kanisa wananiunga mkono, watano hawataki, na waliobaki wanasubiri kuona upepo. Mtunza hazina alinisimamisha baada ya ibada akaniuliza mwalimu huyo atafundisha muziki gani hasa, wa kwaya au wa ngoma, ili ajue aandike nini kwenye kitabu. Nilimwambia aandike "muziki," na kama nafasi inatosha aongeze violini.